Jiwe Lenye Midomo Mia

Jana nililimwagia maji jiwe moja jeupe, na harufu iliyopanda ikanirudisha darasa la nne. Ni harufu ambayo mtu aliyezaliwa Busia hana sababu ya kuijua: chumvi kuukuu, samaki wa juzi, na kitu kingine kama chaki iliyolowa. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwa mama, viatu vyangu vya ngozi nimevitenga mbali na matope, na nikacheka peke yangu kwa sauti hadi mama akauliza kutoka ndani kama ni wazimu niliorudi nao kutoka Ulaya.

Nitajitambulisha, maana sina sababu ya kujificha. Mimi ni binti wa dereva wa lori na mwanamke muuza maandazi. Nina diploma ya maabara ya viumbe vya majini. Niliipata ng'ambo, katika mji wa bandari wenye baridi ya kuuma masikio, nikisugua sakafu za hoteli asubuhi na kusoma jioni, na hakuna mjomba wala mkubwa yeyote aliyenishika mkono. Imo kwenye fremu, ukutani kwa mama, juu ya redio; mgeni akiingia huiona kabla hajaona kiti. Nimeshika yavuyavu kwa mikono hii, yule mnyama wa bahari aliye kama ute ulioganda. Nimetazama matumbawe hai yakifungua vinywa vyao kwenye tangi la kioo, na wanafunzi wenzangu waliokulia ufukweni wakaniuliza, wewe wa nchi isiyo na bahari ulijifunzia wapi haya? Niliwajibu: jikoni kwetu, na kwenye karai la kufulia.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka miaka ile ya utawala wa askari, sukari ilipokuwa hadithi, sabuni ikawa zawadi ya harusi, na chumvi ikawa kitu cha kunong'onezwa. Ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, chumvi ilikaa dukani bila wasiwasi. Upande wetu, wa Uganda, ilikuwa magendo na ilitafutwa kwa bunduki. Mama aliivusha mwenyewe kwa vijia vya mashamba ya mahindi, kaifunga tumboni kwa leso chini ya gomesi, gauni lake pana la mshipi, akitembea ameshika kiuno kama mwenye mimba ya miezi saba. Katika ua wetu tuliishi nyumba sita, na kila nyumba ilichangia safari hiyo. Kwa hiyo chumvi ile haikuwa yetu peke yetu. Kilo nne, zilizokaa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia uvunguni mwa kitanda, zilikuwa mboga ya watu zaidi ya thelathini.

Hatari yake niliijua. Mama Taaka, jirani aliyekuwa akiuza dagaa wa omena sokoni, alikutwa na chumvi mfuko mmoja. Askari walimpandisha gari la jeshi mchana kweupe. Alirudi baada ya wiki mbili kanyolewa kichwa, na mwanamke yule aliyekuwa akisikika sauti yake kutoka soko moja hadi jingine hakuongea tena zaidi ya kuitikia salamu. Mama alipokuwa akifunga leso tumboni, mimi nilikuwa nikitazama nywele zake.

Baba alikuwa akiendesha lori la tajiri mmoja wa Tororo, kutoka pale chini ya jabali kubwa la mji huo hadi Mombasa. Safari moja alirudi mkono wa kulia umevimba, una mistari myekundu kama aliyechapwa kwa waya. Mama alipiga kelele, akidhani amepigwa kizuizini.

"Hakuna mtu alinipiga," baba alisema kwa aibu. "Ni karatasi ya nailoni."

"Nailoni inapiga mtu?"

Ikabidi aeleze. Alikuwa amekwenda kutembea ufukweni akisubiri mzigo, akaona kitu mchangani, laini, kinang'aa, unaona hadi upande wa pili. Kwa mtu aliyetoka Uganda ya wakati ule, mfuko wa nailoni mzima, usio na tundu, haukuwa wa kupita ukauacha. Akauokota kwa furaha. Ulikuwa yavuyavu.

"Lilikuwa limekufa tangu asubuhi," baba alisema. "Watu wa pwani walinicheka hadi wakakaa chini. Wananiambia, bwana wa bara, huyo hata akifa bado anawasha!"

Mama alicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo, baba akitaka kuokota chochote barabarani, mama alimwambia, "Angalia, isije ikawa nailoni."

Lakini ndani ya kikoi chake baba alikuwa na kitu kingine, alichopewa na mvuvi mmoja ili kumpoza. Kilikuwa jiwe jeupe, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, lenye matawi mafupi, na kwenye kila tawi vitundu vidogo vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Alisema linaitwa tumbawe, na kwamba si jiwe.

"Ni ndugu ya yule aliyenichapa. Kila kitundu hapo kilikuwa na mnyama wake. Mdomo, na mikono midogo kuzunguka mdomo, na mikono hiyo inawasha. Wanajenga chini ya maji, wanajenga, wanajenga, hadi meli kubwa ikigonga nyumba yao, inapasuka meli."

Nilianza kuhesabu vitundu, nikafika mia na kitu nikapotea. Mnyama mwenye midomo mia! Nililala nimelikumbatia. Nililamba tawi moja, na lilikuwa na chumvi, chumvi kwelikweli, katika nyumba ambayo chumvi ilikuwa ikipimwa kwa ncha za vidole. Siku ile ile niliamua kwamba lile jabali la Tororo, lililosimama peke yake juu ya mji kama jino, lilijengwa na wanyama hawa, na kwamba zamani Uganda ilikuwa na bahari, ila serikali imeificha.

Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Ofwono, alitoka Nabuyoga, na alikuwa mtu wa kujinyima ili afundishe. Chaki zilipokwisha shuleni, alikuja na vipande vya muhogo mkavu, akaandikia hivyo ubaoni, na kipindi kikiisha tuligombea kula vilivyobaki. Nilipomweleza habari za jabali la Tororo, hakunicheka.

"Jabali lile lilitoka chini ya ardhi kwa moto," alisema. "Lakini swali lako ni zuri kuliko jibu langu. Kesho uje na chupa ya jamu."

Kesho yake alitupeleka kwenye dimbwi lililokuwa nyuma ya shule, chini ya mafunjo, tulipokatazwa kunywa maji. Alichota maji yenye majani yaliyooza, akaiweka chupa juani kwenye dirisha, akatuambia tukae kimya. Tulikaa. Kisha akanipa kioo cha kukuzia, cha pekee shule nzima, kilichopasuka pembeni.

Nikakisogeza kwenye chupa. Kwenye jani, palikuwa na kitu chembamba kama uzi wa kushonea, kijani kibichi, kimejishikiza kwa mguu mmoja. Juu yake palikuwa na nyuzi sita nyembamba zaidi, zikipepea taratibu bila upepo. Akapita kiroboto mdogo wa maji, akarukaruka, akagusa uzi mmoja. Alisimama papo hapo kama aliyepigwa risasi. Nyuzi zikamkunja, zikampeleka katikati, na ule uzi wa kushonea ukapata tumbo.

"Amemla!" nilipiga kelele. "Mwalimu, uzi umekula mdudu!"

"Huyo ni haidra," Mwalimu Ofwono alisema. "Ni mtu wa ukoo ule ule wa jiwe lako na wa nailoni ya baba yako. Ukoo mmoja, ila huyu hakuhitaji bahari. Anaishi hapa Busia, kama wewe."

Darasa zima lilisukumana kutaka kuona. Alitueleza kwamba katika kila mkono wa mnyama huyo mmejaa vifuko visivyoonekana kwa jicho, na katika kila kifuko umo uzi uliozongwa kama waya wa redio, wenye mwiba. Ukiguswa, kifuko kinafyatuka kabla hujapepesa jicho. Hana ubongo. Hana moyo. Hana mfupa. Ana mlango mmoja tu, wa kuingizia chakula na wa kutolea uchafu, na hapo wavulana walicheka hadi mmoja akaanguka dawatini. Ukimkata vipande viwili unapata wanyama wawili.

"Na dimbwi likikauka?" niliuliza.

"Anaacha yai lenye ganda gumu. Linalala kwenye tope. Maji yakirudi, linaamka."

Mwalimu alisema hayo kuhusu haidra. Mimi nilisikia kuhusu jiwe langu. Nilirudi nyumbani mbio, daftari likinipiga mgongoni, na njia nzima nilijua jambo ambalo hakuna mtu Busia aliyelijua: tumbawe halikuwa limekufa. Lilikuwa limelala. Lilihitaji maji yake tu. Na maji yake yalikuwa ya chumvi.

Mama alikuwa ametoka kupeleka maandazi. Nilichukua karai kubwa la kufulia, nikajaza maji ya mtungini. Nikaingia uvunguni, nikavuta lile kopo. Mnaweza kuniuliza kama sikufikiria zile nyumba sita. Nilizifikiria. Nilifikiria kwamba majirani wote wataitwa kuja kuona mnyama wa bahari akiamka ndani ya ua wetu, na hakuna atakayekumbuka mboga. Niliweka konzi moja, nikaonja, nikakumbuka baba alisema maji ya bahari hayanyweki, na haya yalikuwa bado yananyweka. Nikaweka ya pili. Nikaweka kopo lote. Nikakoroga kwa mwiko wa ugali hadi punje ya mwisho ikayeyuka, kisha nikalizamisha jiwe katikati na kupiga magoti, nikisubiri midomo mia.

Leo, kama mtu mwenye diploma, naweza kuwaambia kwamba maji yale yalikuwa na chumvi mara tano au sita ya bahari yenyewe. Tumbawe hai lingekufa humo kabla ya jua kuzama.

Mama alirudi, akaona kopo limelala ubavu, tupu. Akaona karai. Akachovya kidole, akaonja, na uso wake ukabadilika rangi.

"Sauda," alisema polepole. "Chumvi ya watu umeipeleka wapi?"

"Namwamsha, Mama."

Aliuchukua ule mwiko. Aliuinua. Na hapo ndipo tuliposikia gari la jeshi likisimama nje ya ua, na milango miwili ikifungwa kwa kishindo.

Waliingia askari wawili, mmoja mrefu mwenye makovu ya kabila mashavuni, mwingine mfupi mnene, anayetafuna muwa. Hawakupiga hodi.

"Mama, chumvi iko wapi?" yule mrefu aliuliza.

"Chumvi gani, afande? Sisi nakula bila chumvi siku nyingi."

"Watu nasema wewe nabeba chumvi kutoka Kenya. Kwa tumbo."

"Watu ya hapa iko na wivu, afande. Mimi napika mandazi tu."

Walipindua kitanda. Walifungua sanduku la nguo za baba, wakachoma godoro kwa kisu, pamba ikatoka. Yule mfupi aliinua kopo la mafuta, akalitazama ndani, akalinusa, akaliweka chini. Mama alisimama na mwiko mkononi, na niliona matone ya jasho juu ya mdomo wake. Nilitazama nywele zake, alizokuwa amesuka vizuri siku iliyotangulia.

Kisha yule mrefu akaliona karai.

"Na hii maji, iko nini?"

"Maji tu."

"Maji tu, na jiwe ndani?" Alichuchumaa. "Kwa nini nafua jiwe?" Akanyoosha kidole kuelekea majini, na mkono wa pili tayari ulikuwa ukifuta midomo, kama mtu anayejiandaa kuonja.

"Usiguse!" mama alisema kwa nguvu mno. "Afande, hiyo si jiwe. Hiyo ni mnyama ya bahari. Bwana yangu alileta. Nawasha! Hata kama nakufa, bado nawasha. Mkono ya bwana yangu ilivimba kama gunia."

Yule askari alicheka. "Huyu mama najua kudanganya sana." Kidole kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja kufika majini.

Mimi sikuwa naogopa. Hili lazima mliamini. Nilikuwa nimeudhika. Mtu mzima amekuja nyumbani kwetu, amechuchumaa mbele ya mnyama wangu, na anamwita jiwe.

"Afande, mama anasema kweli," nilisema, nikasogea hadi ukingoni mwa karai. "Hii ni nyumba yao. Kila kitundu kina mdomo, na mdomo una mikono, na mkono una vifuko, na kifuko kina uzi umezongwa kama waya wa redio, na mwisho wa uzi kuna mwiba. Ukigusa tu, unafyatuka. Nimeona leo shuleni. Mdudu aligusa mara moja, akafa."

Askari alinitazama. "Sasa iko wapi hiyo midomo?"

"Wamelala. Ndiyo nawaamsha. Wataamka sasa hivi."

"Wana macho?"

"Hawana macho. Hawana moyo. Hawana ubongo."

"Basi najua namna gani kama mimi nakuja?"

"Hajui, afande," nilisema kwa subira, kama Mwalimu Ofwono alivyokuwa akituambia. "Hahitaji kujua. Ukimgusa tu, anachoma."

Kidole kilisimama palepale hewani. Yule mfupi aliacha kutafuna muwa.

"Hakuna ubongo, na nachoma watu tu?" aliuliza. Kisha akaangua kicheko, akampiga mwenzake begani. "Kama sajenti yetu!"

Yule mrefu alijizuia, akashindwa, akacheka naye, na katika kucheka akakirudisha kidole chake. Nakumbuka alikifuta kwenye suruali, mara mbili, ingawa kilikuwa kikavu. Walichukua maandazi yaliyokuwa kwenye sinia na jogoo wetu mmoja. Mlangoni yule mfupi aligeuka, akaniambia, "Toto, wewe nasoma. Usiache."

Sijaacha, afande, popote ulipo.

Gari lilipoondoka mama alikaa chini kwenye pamba ya godoro, miguu imenyooshwa mbele. Kisha akacheka. Kisha akasimama, akauokota mwiko, akanipiga viboko viwili vya mapajani ambavyo hadi leo nikivikumbuka naumia.

"Hivi ni vya chumvi," alisema. Akafungua kitambaa kilichokuwa kifuani, akatoa andazi lililobaki, la mwisho, lenye iliki. "Na hili ni la midomo mia."

Jioni ile nyumba sita zilikuja na vikombe, sufuria na vibuyu, na mama akawagawia chumvi yao kwa upawa, ikiwa maji. Walilalamika, walicheka, waliweka maji yale kwenye sukuma na maharage, na kwa wiki nyingi mboga za ua wetu zilinuka Mombasa kwa mbali. Lakini wanawake wale hawakuwa wajinga. Kuanzia siku hiyo hakuna nyumba katika ua ule iliyoweka chumvi kavu. Ikivuka mpaka tu, inayeyushwa mtungini. Askari walikuja tena mara nyingi, wakachoma magodoro, wakapindua vitanda, na wakiona kiu mama aliwapa maji ya kunywa kutoka mtungi wa kushoto.

Nililibadilishia jiwe langu maji kwa siku tisa. Halikuamka. Mwalimu Ofwono ndiye aliyenieleza, kwa upole, kwamba nilichokuwa nacho ni mifupa ya nyumba, wenyewe walikwisha kufa siku walipotolewa majini. Nililia. Kisha nikauliza, nitawaona wapi walio hai? Akasema, kwa kusoma. Basi nikasoma.

Wiki iliyopita, kwenye sherehe ya kunikaribisha, nilisimama mbele ya ukoo mzima na soda mkononi nikaisimulia hadithi hii, na nakiri niliisimulia kwa namna ya kuonyesha kwamba nilisikia gari likija, nikawaza haraka, nikaimwaga chumvi kuokoa nyumba. Watu walipiga makofi. Mama hakupiga. Jana alinitolea lile tumbawe sandukuni, limefungwa kwenye kikoi cha marehemu baba.

Nililimwagia maji, nikanusa, nikacheka, kama nilivyosema. Mama alikuja na mkongojo wake, akakaa kwenye kigoda. Nikaona ni wakati mzuri wa kumfundisha.

"Mama, unajua siku ile lilikuwa limekufa? Tumbawe likiwa jeupe hivi ni chokaa tupu. Lisingewasha hata nzi. Yale yote niliyomwambia afande yalikuwa ya ndugu zake, si ya hili."

"Nilijua," mama alisema.

"Ulijua vipi? Mimi mwenyewe sikujua."

Alinitazama kama anavyotazama watoto wa jirani. "Tangu baba yako alilete, wewe ukienda shule, mimi nilikuwa nalisugulia visigino. Lingekuwa linawasha, nani angejua kabla yangu?"

Mama alivua kandambili, akainyoosha miguu yake kwenye jua, visigino vimepasuka kama tope la kiangazi.

"Usikae tu na diploma yako," alisema. "Leta karai. Na maji yawe ya moto, utie chumvi kidogo."

Nilikunja mikono ya gauni langu zuri, nikapiga magoti kwenye matope, nikaanza na kisigino cha kulia.